Mgeni wa Wodi ya Mapigo

Harufu ile siku zote ilikuwa ya Kitinda peke yake. Ilimjia kabla ya kifafa, harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi, naye akawahi kubonyeza kengele kabla hajapoteza fahamu. Daktari alishaeleza kwamba haikuwa hewani bali ndani ya ubongo wa mgonjwa. Sasa alasiri moja dada yake Kitinda, ambaye ndiye nesi wa wodi, alikuwa akikunja shuka kwenye korido, akaisikia harufu ile. Akageuka kutazama nani anapiga pasi hospitalini. Hapo kengele ikalia.

Nesi ndiye aliyemshawishi mdogo wake aingie kwenye utafiti. Wazazi walishafariki, wamebaki wao wawili, na kila Kitinda alipoanguka juu ya cherehani yake, dada mtu alihisi kaburi jingine linachimbwa. Daktari alikuwa bingwa wa moyo. Alishachoka kutoa mishipa miguuni mwa watu na kuishonea kwenye mioyo iliyoziba. Sasa alitaka kujua kwa nini mioyo ya wenye kifafa huenda kombo wakati wa degedege, na mingine husimama kabisa. Ili ajue, lazima kifafa kije huku waya zimebandikwa kichwani na kifuani. Kwa hiyo wagonjwa walipunguziwa dawa, wakamulikwa taa za kumetameta, kisha watu wakangoja.

Kungoja kunachosha, na aliyechoka hutania. Wodi nzima ilikiita kifafa mgeni. "Mgeni keshafika?" "Bado yuko njiani." Nesi mwenyewe, kila alipowasha taa, alimfinya Kitinda shavu na kumwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kitinda alicheka mpaka waya zikabanduka. Mimi siwezi kuwasamehe kirahisi. Watu wazima, tena wasomi, walitoa karibu kabla hata ya kusikia hodi.

Alasiri ile Nesi alipofika kitandani, degedege lilikuwa limekwisha. Kwenye skrini moyo wa Kitinda ulikwenda mbio, ukajikwaa, kisha ukawa mstari mtupu. Akanyoosha mikono amkandamize kifua. Kabla hajamgusa, mapigo yakarudi, mazito, ya taratibu, kama hatua za mtu anayekagua nyumba anayotaka kupanga.

"Sijawahi kuona mapigo ya namna hii," Daktari alinong'ona, macho yakimng'aa.

"Mrudishie dawa, Daktari. Nakuomba."

"Tuyarekodi mara nyingine moja tu."

"Ni mdogo wangu huyu."

"Ndiyo maana unaogopa."

Wakayarekodi tena. Tangu hapo Kitinda hakucheka. Alipewa sindano na uzi akavitazama kama vitu vya ugenini. Dawa zikarudishwa, zikaongezwa, hazikusaidia kitu. Na ile harufu, ambayo mwanzo ilikuwa ya mmoja, kisha ya wawili, sasa ilitambaa kitanda hadi kitanda, wagonjwa wakifunika pua na kuulizana kwa sauti za chini nani anaunguza nguo, huku mashine ikiendelea kuhesabu zile hatua nzito ambazo hazikuongezeka Kitinda akishtuliwa wala kupungua akilala.

Nesi akamwita shangazi yao, ambaye watu humfuata awatolee majini. Alikuja mchana kweupe, saa ya kuona wagonjwa, akilalamikia ngazi. Akamshika Kitinda mkono, na papo hapo malalamiko yakaisha.

"Nani kakuleta?" aliuliza polepole.

"Nimekaribishwa." Sauti ilikuwa ya Kitinda, ila bila Kitinda.

"Na nani?"

Kidole kikamwelekea Nesi. "Huyu. Kila siku."

"Ulikuwa utani, shangazi," Nesi alisema.

"Utani una wenyewe, mwanangu. Hawa si watani zetu." Shangazi akauachia mkono. "Mgeni uliyemkaribisha humfukuzi. Unamsindikiza."

Basi Nesi akamsindikiza, akashika korido akiwa peke yake machoni pa watu, lakini ubavuni mwake kulikuwa na joto la pasi, na kila hatua yake ilifuatwa na nyingine, nzito, ya taratibu, ikamfuata ngazini, ikampita mlinzi aliyeacha ghafla kupiga soga, mpaka getini, ambako Nesi alisema, "Nenda salama," na harufu ikakatika. Alilia kwa furaha. Akarudi mbio.

Daktari alikuwa akimkandamiza Kitinda kifua. Mstari ulikuwa mtupu. Hatimaye akaacha, mikono ikimning'inia.

"Moyo wake mwenyewe ulisimama alasiri ile ya kwanza," alisema. "Haukupiga tena. Yaliyofuata hayakuwa mapigo yake. Nilijua, nikayataka zaidi."

Nesi alimtazama mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye. Kisha akauendea mlango.

"Usifanye hivyo," shangazi alimnong'oneza. "Utakayempata si yeye."

"Najua."

Akaufungua mlango wazi kabisa, akasema neno moja, kwa sauti ya mwenyeji anayeogopa kukataliwa. Harufu ikaingia. Kifua cha Kitinda kikapanda.

Akaketi, akabandua waya mmoja mmoja bila haraka, akamnyooshea Nesi mkono. Ulikuwa wa moto, na Nesi akaung'ang'ania.

"Dada," alisema, akilijaribu neno hilo mdomoni, "nyumbani kwetu ni wapi?"