Wati Mia Mbili na Hamsini

Foleni ya dirisha namba nne, ofisi ya usajili wa vyombo vya moto, ilifika hadi mlangoni, na karani hakuwa na hamu ya mzaha. Alivaa blauzi ya samawati, na miwani ilimteremka puani kila alipoinama kuandika. Mbele yake akasimama fundi wa lifti, ovaroli imenyooka kwa pasi, amekumbatia betri ya baiskeli yake ya umeme kama mtoto mchanga.

"Dada, hii ni baiskeli. Ina pedali."

"Kaka, mota yake ni wati elfu tatu. Hiyo ni pikipiki. Inataka namba, leseni, bima na cheti cha kiwandani."

"Kiwanda hakitoi cheti."

"Basi iendeshe uani kwenu."

Fundi alicheka mpaka foleni nzima ikacheka naye. Alirudi mara tatu, kila mara karatasi moja ikikosekana. Mara ya nne hakuleta karatasi. Aliomba namba ya simu.

Walipendana kufa na kuzikana. Fundi alimpigia simu kila mchana kutoka juu ya maghorofa alikotengeneza lifti.

"Mpenzi, naiona ofisi yenu. Toka nje unipungie mkono."

"Watu watasema nina wazimu."

"Waache waseme."

Karani alitoka, akapunga mkono hewani, wenzake wakimcheka dirishani.

Baiskeli ilikaa ndani miezi mitatu bila usajili. Fundi alichelewa kazini, akaonywa mara mbili, na mzaha ukamwisha.

"Andika wati mia mbili na hamsini tu. Hapo sheria inaihesabu kuwa baiskeli."

"Usiniombe hilo, tafadhali."

Siku tisa simu haikulia. Siku ya kumi karani aliandika, akagonga muhuri, akampigia mwenyewe. "Njoo uchukue karatasi yako."

Wiki mbili baadaye, asubuhi, fundi, akiwa juu ya baiskeli hiyo, alimgonga mwalimu mstaafu kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, akamvunja nyonga. Mota ikapimwa. Wote wawili wakaitwa kuhojiwa, wakaketi chumba kimoja.

"Nani aliandika hizi wati?" askari aliuliza.

"Karani," fundi alijibu, macho sakafuni.

Karani alingoja amalizie, aseme nani aliomba. Fundi akanywa maji. Karani naye akanyamaza, akitaka neno hilo litoke kinywani mwa mwenyewe. Halikutoka. Fundi alitozwa faini. Karani alifukuzwa kazi.

Baada ya miezi miwili fundi alimfuata karani kwenye duka la ushonaji la shangazi yake, ambako karani sasa alikuwa akishona vifungo. Fundi alivaa suti mpya na kushika kisanduku cha pete.

"Niliogopa jela, mpenzi."

"Najua."

"Nisamehe. Nataka kukuoa."

"Nilishakusamehe." Bado alimpenda, na hakuona haya kukiri hivyo moyoni. "Umeshakwenda kumwona mwalimu?"

"Bado."

"Mimi huenda kila Jumamosi. Namshika mkono, anatembea kutoka kitandani hadi dirishani. Ananiuliza mbona wewe huji."

"Nitakwenda. Tukishaoana, twende pamoja."

Shangazi alisimamisha cherehani.

"Hapana," karani alisema taratibu. "Mzigo huo pia unataka nikubebee."

Fundi akafunga kisanduku, akatoka. Karani alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akashindwa, akajaribu tena. Shangazi akamchukulia shati mkononi, akaanza kulishona yeye.