Mstari wa Mwisho wa Tyyne Hallavaara

Jukwaani tulikuwa wanne. Tyyne Hallavaara, mwigizaji mkuu. Ensio Rautavuori, mwongozaji. Vuokko Lintula, aliyejifunza nafasi ya Tyyne ili aichukue akishindwa. Na mimi, Salehe Mwinjaka, niliyeigiza mchungaji. Hilja Ruokonen simhesabu, tulimzika Aprili.

Ilikuwa Novemba, mjini Turku, Finland, na giza la alasiri lilikuwa limeshaingia. Nilirudi na kahawa na mikate ya iliki, nikamkuta Ensio amesimama mbele ya Tyyne.

"Mama, ukikwama tena leo, atacheza Vuokko."

"Nilikuwa jukwaani hapa wewe bado unanyonya, Ensio."

"Najua, mama. Lakini jana ulikwama."

Tyyne alianza akiwa msichana, akibeba sinia katika mchezo ambao hakupewa neno hata moja. Baadaye aliigiza malkia, wajane, wauaji. Kisha televisheni ikamfanya mkunga, hata wanawake sokoni wakawa wanamuuliza habari za mimba zao. Katika fahari hiyo ndipo alipodai kibanda cha mnong'onezi kipigiliwe mbao. Kibanda kile kiko chini ya ukingo wa jukwaa. Humo Hilja aliketi miaka yote, akiwanong'oneza maneno waliosahau.

"Mimi si kasuku wa kulishwa maneno," Tyyne alisema.

Hilja akahamishiwa mlangoni, kuchana tiketi. Hawakusemezana tena.

Sasa Tyyne alikuwa anasahau.

Tukaanza mazoezi. Alipofika pale alipokwama jana, alinyamaza. Macho yake yakahangaika sakafuni.

"Kwenye televisheni walikuwa wanarudia mpaka apatie," Vuokko aliniambia sikioni. "Hapa nani atamrudishia?"

Kisha nikasikia harufu. Pipi nyeusi za lami ya msonobari, zile ambazo Hilja alikuwa akimumunya kulinda koo lake.

Mbao za kibanda zikalia, taratibu.

Chini yetu mtu alinong'ona.

Tyyne akatabasamu, akaendelea kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana wake. Kila alipopungukiwa, mnong'ono ulimtangulia. Vuokko alinishika mkono, kucha zikaniingia.

"Mzee Salehe... nani yuko mle?"

Nilikuwa nauwazia mwisho uliokaribia. Kwetu, mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi mazoezini. Mwigizaji huinamisha kichwa tu, akauhifadhi kwa onyesho la kwanza. Anayeusema mapema amekwisha kuumaliza mchezo, na watazamaji hawatamwona.

Tyyne aliinamisha kichwa.

Mnong'ono ukaja tena.

"Usiseme, mama!" Ensio alipaza sauti.

"Zimeni taa," Tyyne alisema. "Nimefika."

Ndio uliokuwa mstari wa mwisho. Yeye alinigeukia, uso umemng'aa kama wa bibi harusi.

"Salehe, umemsikia Hilja? Kumbe amenisamehe. Nani kamrudisha kazini?"

Katika mazishi ya Hilja, Tyyne alikuwa amesimama kando yangu. Nilimfunika shali yake mabegani, nikashindwa kumwambia.

"Basi nafasi ni yangu, Ensio?"

"Ni yako, mama," Ensio alijibu, bila kumtazama.

Tulipomtoa nje, Ensio alipiga magoti akamulika kibanda. Misumari ilikuwa imeshika kutu, haijaguswa. Juu ya ubao palikuwa na pipi nyeusi...

Ilikuwa bado imelowa mate.

Tyyne Hallavaara alifariki nyumbani kwake, asubuhi ya siku ya onyesho la kwanza.