Kipande cha Ukingoni

Jumapili hiyo misa ya pili ilitoka watu wakiwa na njaa, na wote, ungedhani wameambizana, wakaishia kwa Mama Ludovika. Mkahawa huo ni wa zamani na unauringia uzamani wake: dari la mbao, saa ya ukutani inayokohoa kabla ya kugonga, vitambaa vyeupe vya meza vilivyofumwa kwa mkono, na mzee Egidi, mhudumu mwenye tai ya kipepeo, anayekuuliza utakula nini kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa. Hapo Songea hakuna nyama laini kama ile. Inachemka juu ya kuni tangu alfajiri.

Lidwina, fundi cherehani wa Msamala, alikaa peke yake dirishani. Gauni lake la kitenge cha kijani alilishona mwenyewe, na lilimkaa barabara. Alikuwa akiongea kwa simu na mama yake aliyeko Iringa. "Kamwene, mama," alianza kwa salamu ya Kihehe, na kwa furaha hakujali nani anasikia. Alipokata simu, alimkuta kijana mrefu amesimama mbele yake, kofia ya pikipiki mkononi.

"Pamejaa, binti," alisema Egidi akivuta kiti. "Mvumilie huyu."

Kijana alikaa. Hakusalimu. Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha nyama kilichonona kuliko vyote kwenye sahani ya Lidwina, akakitia mdomoni.

"We kaka! Una wazimu?"

"Nimesikia kamwene," alijibu akitafuna. "Mimi Mngoni. Nyama ni yangu, na wewe ni mke wangu. Babu zenu walipotukimbia walikusahau."

Lidwina aliduwaa, kisha kicheko kikamtoka. Kumbe mtani! Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, na wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutaniana na kunyang'anyana bila kesi.

"Nani alikimbia? Si nyie mlitupa ngao porini?"

Jina lake Sixbert, bwana mifugo, mzaliwa wa Maposeni. Ikawa kila Jumapili meza ile ile, na katikati ya wiki simu.

"Mke wangu, umekula?"

"Mume gani wewe, hata kuku huna!"

"Ninao wengi. Wa watu, nawatibu."

Lidwina alianza kuchagua kipande laini zaidi na kukiweka ukingoni mwa sahani, upande wa Sixbert, ili asipate tabu ya kukitafuta. Hakumwambia. Alimpenda, tusizungukezunguke, ila kila neno tamu alilolisikia kwake lilikuwa la utani, na huwezi kuliegemea neno la utani.

Alhamisi moja Sixbert alimwita hapo hapo. Alikuja na suti ya misa na tai nyekundu, viatu vinang'aa. Nyama ilikaa ukingoni, hakuigusa.

"Lidwina, nataka kukuoa."

"Ng'ombe wangapi?" alidakia Lidwina kwa sauti. "Babu zako waliiba wa babu zangu. Warudishe kwanza, ndipo tuongee!"

Mkahawa mzima uliangua kicheko. Sixbert naye alicheka kidogo, akafunga kifungo cha koti, akaaga.

Usiku ule Lidwina aliikumbuka ile tai. Halafu akaikumbuka nyama isiyoguswa, akajua Sixbert hakuwa akitania. Asubuhi alipiga simu.

"Salama, dada Lidwina. Nipo kazini."

Dada! Alitamani atukanwe. Jumapili zilipita, naye akaendelea kukaa dirishani na kuweka kipande ukingoni, na Egidi akaendelea kukiondoa kimepoa bila kuuliza. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimnyanyua shingo.

Kisha baba yake Sixbert akafariki. Lidwina alikwenda Maposeni na jirani yake Leticia. Mtani msibani ana kazi yake: alale njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, aseme marehemu alikuwa mchoyo, wafiwa wacheke kidogo. Wanawake walimsogeza mbele. "Haya, Mhehe wetu, anza!"

Lidwina alifungua kinywa. Alimwona Sixbert amesimama kando ya kaburi, amekonda, kola imelegea shingoni. Kilichomtoka kilikuwa kilio.

"Mtani gani huyu analia?" bibi mmoja aling'aka.

Sixbert aligeuka. Alimtazama mpaka Leticia akamshika Lidwina mkono na kumtoa pale.

Matanga yalipokwisha, simu ililia.

"Jumapili upo dirishani?"

"Nipo kila Jumapili."

Alikuja na shati la kawaida. Lidwina aliweka kipande ukingoni. Saa ikakohoa, ikagonga. Mkono wa Sixbert ulibaki mapajani.

"Mbona huli?"

"Leo siwezi."

Safari hii Lidwina alielewa.

"Siku ile ulivaa tai," alisema.

"Nilivaa."

"Na nyama hukugusa. Nilikuwa na macho, sikuona. Nimekukosa, Sixbert, nimekukosa mpaka nikauchukia mkahawa huu na bado nikaja. Niulize tena."

Sixbert aliangalia meza zilizojaa. "Wakicheka?"

"Wacheke."

"Lidwina, utakubali nikuoe?"

Ng'ombe, ngao na mababu, vyote vilimjia ulimini. Akavimeza.

"Nimekubali."

Hakuna aliyecheka. Mzee Egidi alisimama na birika lake la chai, akasahau kumimina. Sixbert alinyoosha mkono, akakichukua kipande kile, akakigawa mara mbili. Nusu ya kwanza akamlisha Lidwina.