Saratani ya Bibi Si ya Babu Silvanus

Kila asubuhi kabla ya shule mimi huwasha moto, naye Bibi Dafroza huchagua viazi vya mbegu. Jumatatu hiyo nilimkuta amekaa tu, mikono mapajani. Baba mdogo Lenard alikuwa amekuja Makambako kutoka Kifanya.

"Mama, tusikutese," alisema. "Mjomba Silvanus alipata saratani hiyohiyo ya kibofu. Akapasuliwa, akafa. Majibu ya nini tena?"

Bibi akaitikia kwa kichwa. Baada ya kuona damu kwenye mkojo, alikuwa ameshatolewa uvimbe wa kibofu hospitalini Njombe, kipande kikapelekwa kupimwa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya majibu. Kumbe wao walishaanza matanga! Hasira zikanipanda.

"Kwani Babu Silvanus ndiye aliyepima kibofu cha Bibi?"

"Eveline! Unaongea na nani?"

"Na wewe, Baba mdogo, shikamoo. Bibi asipokwenda, na mimi shule siendi. Tukae hapa wote tukingoje hicho kifo!"

Bibi akanitazama. "Ujeuri huu umeutoa wapi?"

"Kwako, Bibi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaagiza kitenge chake, tukaenda wote watatu.

Hospitalini, Baba mdogo bado alibisha. "Daktari, saratani si ni saratani tu? Mjomba wangu alivua samaki Ludewa, akaugua kichocho miaka mingi, kisha saratani ikammaliza."

"Hapana," alisema Daktari Yunis. "Kibofu kina kuta kama nyumba: lipu ndani, matofali nyuma yake. Kichocho cha muda mrefu mara nyingi huleta saratani ya seli bapa, zile nyembamba kama magamba, na wengi hufika kwetu imeshatoboa matofali. Ya mama ni ya seli za lipu yenyewe, na haijagusa tofali. Aina ya seli na hatua iliyofikia ndizo hutuonyesha tiba na matumaini."

"Nitapona?" Bibi aliuliza.

"Siwezi kukuapia, mama, ila nafasi yako ni nzuri. Tutakuwekea dawa kibofuni. Saratani hii mara nyingi hurudi, kwa hiyo tukikuita kupimwa, uje. Na kiko chako cha tumbaku ukiache leo, maana moshi wake huchochea saratani hii."

Bibi akaguna, kisha akamgeukia Baba mdogo.

"Silvanus, Mungu amrehemu, alikufa kifo chake. Mimi siazimi kifo cha mtu! Na wewe Eveline, shika hili: mtu akiona damu kwenye mkojo, hata kama hasikii maumivu, asione aibu wala asiulize majirani. Aende apimwe. Anayekata tamaa kabla ya majibu amejizika mwenyewe."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mama," alisema.