Miguu ya Mzee Kahindi

Wardah anaishi Jomvu Kuu pamoja na wazazi wake. Baba yake, Mzee Abdillahi, anafundisha madrasa. Mama yake, Bi Mwanarehema, analima mchicha na mabamia nyuma ya nyumba. Wardah anasomea udaktari. Siku hizi masomo yake mengi yako wodini, katika hospitali kubwa moja ya mjini.

Majirani wameshaanza kumwita daktari. Akipita njiani, wazee humsimamisha na kumwonyesha dawa zao. Yeye hucheka.

"Bado," huwaambia. "Niombeeni."

Mwaka jana Wardah alipewa mgonjwa wa kumtazama kila siku. Mgonjwa huyo alikuwa Mzee Kahindi, kutoka Mwakirunge. Kazi yake ilikuwa kukata mawe ya kujengea katika timbo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Sukari ilimpanda hadi akaanguka kazini, ndipo binti yake, Sidi, akamleta hospitali.

Mzee Kahindi alimpenda Wardah. Alimsimulia habari za mawe.

"Jiwe zuri ukiligonga linalia," alimwambia. "Jiwe bovu linanyamaza."

Wardah naye alimpenda. Wakati mwingine alimletea muhogo wa kuchemsha kutoka nyumbani, baada ya kumwuliza muuguzi kama anaruhusiwa kula.

Kila asubuhi mwalimu wao, Daktari Aqil, alipita kitanda hadi kitanda na wanafunzi wake. Kila mwanafunzi alieleza hali ya mgonjwa wake. Daktari Aqil alijua kazi yake, lakini alikuwa mkali. Mwanafunzi akisema, "Sijaangalia," alimkemea mbele ya wenzake, na wagonjwa wakisikia. Kwa hiyo wanafunzi walijifunza jibu jingine.

"Ukiulizwa kitu ambacho hukupima, sema kiko sawa," Kimani, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemwambia Wardah. "Sote tunafanya hivyo. Hakuna anayeumia."

Asubuhi moja Wardah alifika wodini amechoka. Siku hiyo walikuwa na mtihani, na akili yake yote ilikuwa huko. Alimsalimia Mzee Kahindi. Alimpima presha, akasikiliza kifua chake. Miguu ilikuwa chini ya shuka. Hakuifunua.

Daktari Aqil alifika na wanafunzi wengine.

"Miguu je?" aliuliza. "Ina kidonda? Ina ganzi?"

Wardah alihisi macho ya wenzake yote yakimtazama.

"Iko sawa, daktari. Haina kidonda."

"Vizuri. Sukari imeshuka. Leo aende nyumbani."

Mzee Kahindi alimtazama Wardah, akatabasamu.

Adhuhuri Sidi alikuja kumchukua baba yake. Mzee aliishika mikono ya Wardah kwa mikono yake miwili migumu. "Mungu akuweke, mwanangu," alisema. Akavaa gambuti zake, viatu vyake virefu vya mpira, akaondoka polepole.

Wardah alirudi kitandani kukusanya vyombo vyake vya kupimia. Shuka haikuwa imebadilishwa bado. Pale miguu ilipolala palikuwa na doa la manjano. Aliinama akanusa. Yale yalikuwa maji ya kidonda.

Alimwita Kimani, akamwonyesha.

"Pengine ni uji," Kimani alisema kwa sauti ya chini. "Mgonjwa ameshakwenda. Ukisema sasa, utafukuzwa chuo. Na sisi je? Wataanza kutuchunguza sote."

Wardah aliufanya mtihani, lakini hakujua alichoandika.

Alasiri ile Bi Mwanarehema alimpakulia bintiye wali na samaki. Baada ya muda alitazama sahani. Chakula kilikuwa vilevile.

"Wardah."

"Abee, mama."

"Samaki huyu amekukosea nini?"

Wardah alianza kulia. Akaeleza yote. Alipomaliza, mama alimfuta machozi kwa ncha ya leso yake.

"Huyo mzee anaye wa kumtazama nyumbani?"

"Anaye binti yake, Sidi."

"Basi Sidi ametulia leo kwa sababu ya neno lako."

"Najua, mama. Lakini naogopa. Wakinifukuza, nitawaambia nini watu? Mtaa mzima unaniita daktari."

"Watu wataita wanavyotaka," mama alisema. "Mimi mambo ya chuo siyajui. Yuko anayejua. Inuka, twende kwa Sista Jerioth."

Sista Jerioth ni jirani yao. Alikuja kutoka bara miaka mingi iliyopita, akapanga nyumba ya pili kutoka kwao. Ni muuguzi katika zahanati karibu na uwanja wa ndege. Walimkuta barazani akichagua mchele. Aliusukuma ungo kando, akasikiliza.

"Aliwahi kukuambia kwamba miguu inamuuma?" aliuliza.

"Hapana, hata mara moja."

"Hiyo ndiyo hatari. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu. Miguu inakufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari asijue. Kidonda huanza kidogo chini ya wayo, mahali asipopaona mwenyewe. Naye anavaa viatu, anakwenda kazini, na kidonda kinaingia ndani hadi mfupa. Hapo ndipo watu hukatwa miguu."

Wardah alijiinamia.

"Dada, kwani wanafunzi wote si hufanya hivi?"

"Wengi hufanya. Hata sisi tulipokuwa chuoni tuliwaona. Lakini sikiliza. Kutoangalia ni kosa. Watu huchoka, watu husahau. Ungesema hukuangalia, mwalimu wako angeangalia, au muuguzi angeangalia. Uliposema umeangalia, uliwazuia wote. Kila mtu aliamini kazi imekwisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Mpigie daktari simu sasa hivi. Usianze na uchovu, wala mtihani, wala wenzako. Sema hukuangalia, ukasema umeangalia. Kisha mwambie habari ya shuka. Anayengoja ni mguu wa mtu."

Wardah alipiga simu. Mama yake alikaa karibu naye, bega kwa bega. Wardah alisema kama alivyoelekezwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Umefanya vibaya sana," Daktari Aqil alisema. "Na umefanya vizuri kuniambia. Yote mawili ni kweli. Mambo ya chuo tutayazungumza baadaye. Kwanza tumtafute mgonjwa."

Hospitali ilimpigia Sidi simu, lakini simu yake ilikuwa imezimwa. Daktari Aqil akampata mhudumu wa afya wa Mwakirunge anayeijua nyumba yao, akawaelekeza njia. Usiku ulikuwa umeshaingia. Wardah aliomba ruhusa ya kwenda kukipambazuka. Sista Jerioth, ambaye kesho yake hakuwa na zamu, alikubali kufuatana naye.

Asubuhi walimkuta Sidi akifua nguo nje. Alifurahi kumwona Wardah.

"Karibu, daktari. Umekuja kututembelea?"

"Mzee yuko wapi?"

"Ameshakwenda timboni. Nimemwambia apumzike, hasikii."

Timboni vumbi jeupe lilikuwa limefunika kila kitu, hata majani ya miti. Mzee Kahindi alikuwa akipanga mawe. Alipomwona Wardah alitua jiwe, akaja akichechemea kidogo. Mwenyewe hakujua kwamba anachechemea.

Wardah alimwomba aketi.

"Baba, jana nilimwambia daktari kwamba nimekuangalia miguu. Sikuiangalia. Nilisema uongo. Ndipo ukaruhusiwa kurudi nyumbani. Nimekuja kuomba radhi, na kukuangalia."

Sidi ndiye aliyejibu.

"Alikushika mikono," alisema. "Mimi nilikuona. Alikushika mikono akakuombea Mungu, kumbe umetudanganya."

"Ni kweli," Wardah alisema.

Mzee Kahindi alivua gambuti. Aliigeuza, na kijiwe kikaanguka chini. Kisha akauinua mguu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichochimbika, chenye maji na harufu. Mzee alikitazama kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

"Hiki ni changu?" aliuliza. "Mbona hakiumi?"

Mzee akamgeukia Wardah.

"Nilijua hukufunua shuka," alisema polepole. "Nikadhani nyinyi madaktari mna njia yenu ya kuona."

Maneno hayo yalimchoma Wardah kuliko hasira ya Sidi.

"Hatuna, baba," alisema. "Njia ni kufunua tu."

"Basi angalia sasa, mwanangu."

Wardah alipiga magoti vumbini. Sista Jerioth alimpa maji safi na bandeji, akasimama karibu. Wardah alikiosha kidonda taratibu, akakifunga. Sidi aligeuza uso pembeni. Lakini ilipofika wakati wa kuondoka, yeye ndiye aliyemwegemeza baba yake begani upande mmoja, na Wardah upande wa pili.

Siku hiyohiyo Mzee Kahindi alilazwa tena. Kidonda kilisafishwa vizuri, akapewa dawa. Madaktari walisema kilikuwa hakijafika mfupani. Kingeachwa bila kutibiwa, wangelazimika kuukata mguu.

Chuo kilimpa Wardah adhabu. Aliambiwa arudie mafunzo yote ya wodi ile, na wenzake wakamtangulia. Alilia sana. Baba yake alimwambia, "Utafika, inshallah. Hata ukichelewa, utafika ukiwa msafi."

Daktari Aqil naye aliwakusanya wanafunzi.

"Nilipowakemea kwa kusema hamjaangalia, niliwafundisha kudanganya," alisema. "Nimekosa. Kuanzia leo, anayesema hajaangalia ataangalia, na sisi tutamsubiri. Lakini anayesema ameangalia na hakuangalia, atajibu mbele ya chuo."

Kimani alikaa siku nyingi bila kumsemesha Wardah. Kisha asubuhi moja aliulizwa kuhusu macho ya mgonjwa wake. Alifungua mdomo, akaufunga. "Sijaangalia, daktari," alisema. Walimsubiri wote. Mchana ule alimtafuta Wardah, wakanywa chai pamoja.

Sista Jerioth alirudi timboni, kwa kuwa wakata mawe wengine pia walikuwa na sukari. Aliwaambia watazame miguu kila siku, nyayo na katikati ya vidole, na asiyeweza kuinama amwombe mtu wa nyumbani. Wakung'ute viatu kabla ya kuvaa. Wasitembee peku. Wasichovye miguu katika maji ya moto, kwa maana mguu wenye ganzi huungua bila kujua. Wakiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mchele, waende zahanati siku hiyo.

Mzee Kahindi aliupumzisha mguu kama alivyoagizwa. Sidi alimtazama nyayo kila asubuhi kabla ya chai.

Jumamosi moja simu ya Wardah ililia. Alikuwa shambani na mama yake, wakichuma mchicha. Aliyepiga alikuwa Sidi. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile timboni.

"Kidonda cha baba naona kimefunga," Sidi alisema. "Zahanati wamesema hivyo pia. Lakini anataka wewe uje umtazame."

"Mimi? Baada ya yale?"

Sidi alijibu.

"Nimemwuliza swali hilohilo. Anasema wewe ukiwa huna hakika, utasema huna hakika." Kisha akaongeza, "Njoo na mama yako. Nitapika."

Walikwenda. Mzee Kahindi alikuwa ameketi mlangoni, penye mwanga, mguu juu ya kigoda. Wardah alinawa mikono, akaketi chini. Alitazama wayo. Alitenganisha kidole na kidole. Alibonyeza pembeni mwa kovu, akauliza kama anahisi, akasubiri jibu, akabonyeza tena. Hakuna aliyemharakisha.

"Kimefunga, baba," alisema.

Mzee Kahindi alishusha mguu wake, na Sidi akaenda kupakua chakula.