Sema Kama Umekasirika

— Simu yako ilikuwa na shida gani? Falone aliuliza, amesimama mlangoni.

Delphin, mwanaume aliyekwisha kumtolea mahari, alikuwa ameketi kwa dada yake Marthe akila ugali na ndagala. Siku zote ambazo hakupokea simu, Falone alidhani yuko kazini kwake Bendera, kwenye mitambo ya umeme. Kumbe alishuka Kalemie zamani, akajificha mtaa wa pili tu.

— Haikuwa na shida.

— Basi shida njo mimi.

Delphin akainamia sahani yake. Waligombana kwa simu: yeye alitaka ndoa icheleweshwe, Falone akauliza sababu, simu ikakatwa. Falone akapiga tena na tena. Akatuma ujumbe, wa kwanza wa kubembeleza, wa mwisho wa matusi. Hakujibiwa.

Marthe akamwomba aketi, akamsimulia jinsi baba yao alivyompiga Delphin utotoni, kisha akampiga tena kwa sababu analia. Delphin akiumia alienda nyuma ya nyumba mpaka machozi yakauke, ndipo aingie kula.

— Mpaka leo angali huko nyuma ya nyumba, alisema Marthe.

Falone hakutaka kumwonea mtu huruma. Yeye mwenyewe mama yake alimwacha kwa shangazi, akisema anavuka ziwa kwenda Kigoma kununua vitenge, Jumapili atarudi. Kila Jumapili mtoto alishuka bandarini kutazama boti, mpaka akawa mkubwa wa kuona haya. Mama alikuja kurudi na mume mwingine na watoto wengine. Tangu hapo, simu isiyojibiwa humrudisha pale bandarini.

— Mimi nilishangoja muntu mumoja katika maisha yangu, Delphin. Wa pili simungoji. Shangazi atarudisha mahari.

Akatoka. Zamani alipotoka hivyo alitembea polepole ili afuatwe, na asipofuatwa alirudi mwenyewe kuomba msamaha, hata kama hakukosa. Safari hii alikaza mwendo.

— Umeniita mutoto wa barabarani!

Aligeuka. Delphin alikuwa uani, amemfuata. Falone hakuwahi kumsikia akipaza sauti.

— Wenzangu wa kazi walisoma ule ujumbe wako. Nilikasirika mpaka nikaogopa mikono yangu. Niliona nitakuja kuwa kama Papa. Woga huo niko nao tangu zamani, njo maana nilitaka tucheleweshe ndoa.

— Ungeniambia.

— Ningesema nini?

— Hayo hayo umesema sasa. Unafikiri kunyamaza si kupiga? Mimi ulinipiga kila siku.

Wakagombana pale pale uani, majirani wakachungulia, Marthe akawafukuza. Falone aliomba msamaha kwa tusi lile, si kwa kitu kingine. Delphin alikiri kwamba simu ilipokuwa inalia aliishika mkononi, akashindwa kuipokea. Falone akamwambia akitaka kimya aseme, aseme na lini atapiga, naye Falone atajitahidi kutopiga tena na tena. Delphin akasema atajaribu. Falone akamjibu kwamba kujaribu hakumtoshi. Wakaanza upya.

Sauti zilipowakauka, walikuwa wamekubaliana ndoa ibaki kwenye tarehe yake.

— Bado umekasirika? Delphin aliuliza.

— Sana.

— Hata mimi.

Falone akangoja aondoke, kama kawaida yake. Delphin akavuta kiti, akakaa karibu naye.