Sura ya Lango

Haya yalimkuta rafiki yangu Winifred, huku kwetu Uingereza, Desemba ambapo saa kumi jioni ni giza tupu. Yeye na Giles, mwanafunzi mwenzake, walichangia kitabu kimoja cha kusomea vita vya mfalme na Bunge vya karne ya kumi na saba. Mtihani ukiwa kesho, Giles alimwambia amemwachia kitabu hicho kanisani.

Winifred alikikuta, akakifunua kwa mwanga wa simu. Ila sura ya msaliti aliyewafungulia adui lango la mji wetu, askari wetu wakauawa humo humo kanisani, ilikuwa imekatwa kwa wembe.

"Giles, msaliti wewe!" akafoka peke yake.

Nyuma ya nguzo, buti zikakwaruza sakafu ya mawe. Sauti nzito ikauliza, "Nani katusaliti?"

Alidhani ni mmoja wa wale wazee wetu wanaovaa magwanda ya kale na kuigiza vita hivyo kila kiangazi. "Giles Attwood," akajibu kwa hasira. "Anakaa juu ya duka la mikate."

Buti zikampita gizani. Hakuona mtu.

Akampigia Giles simu. Giles akacheka. "Mtihani ni vita, dada! Hebu ngoja, kuna mtu anapanda huku."

Ndani ya simu Winifred akasikia buti zikikwaruza ngazi, na safari hii zilikuwa za watu wengi.